Sifa za Paa Linalovuja

Watu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hawajalipa paa linalovuja haki yake. Masika nzima wanalilaani, kipupwe wanalisahau, nalo halinuni. Vuli ikipiga hodi lipo palepale, na beseni linarudi kazini. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia. Paa halikuona sababu ya kubadili tabia.

Elimu yake ni ya bure. Nyumba zile za mawe na chokaa zimebebwa na boriti za mikoko, na mpangaji hajui hata zimelala upande gani, mpaka livuje. Maji huingilia pale bati linapokutana na ukuta, karibu na mlizamu ulioziba kwa majani, yakaifuata boriti kimyakimya na kuibukia chumba cha pili, juu ya kitanda cha mgeni. Fundi hupanda, akapaka lami usawa wa kitanda, akalipwa, akaenda zake. Mvua ya pili tone limehamia kabatini.

Tena lina upatanishi. Majirani walionuniana tangu Idi husemezana.

"Bi mkubwa, maji yako yamefika kwangu."

"Yangu? Ya Mungu hayo, mwanangu. Mimi nimeyapitisha tu."

Maana paa ni la kila mtu siku ya kuanika nguo, na la Serikali siku ya kuvuja.

Mimi nalipendea ukweli wake. Mwenye nyumba akiona doa hupiga plasta ya saruji, akapaka rangi, akapangisha. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa, nayo hupumua: unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Saruji huufungia ndani. Chumvi inavimbisha rangi hadi ibanduke magamba, na kichwa cha boriti, kilichozikwa ukutani, kinaoza asikione mtu. Wote wamenyamaza: fundi, dalali, mwenye mali. Paa pekee ndilo linalotoa doa upya, la kahawia, katikati ya rangi mpya, mbele ya mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita.

Na halitaki makubwa. Mtu apande kabla ya Masika, azoe majani mlizamuni, azibe nyufa kwa chokaa. Kwa kuwa hapandi mtu, paa limeanza kushuka lenyewe, kipande kipande.