Mpole Huyu, Hana Neno: Mwongozo wa Kumnunua na Kumuuguza Kinyonga Ukiwa Mbalizi

Kinyonga mzima hanunuliki. Tatizo si bei, ni kwamba haonekani. Amejibanza kwenye ua wa jirani yako, rangi yake ni ya jani alilokalia, nawe unapita hapo kila asubuhi na ndoo yako na hujawahi kumwona. Siku ukimgundua ukamnyooshea mkono, hutanua mbavu akawa mpana, hufungua kinywa, hufoka, na ukizidi kumsogelea hukung'ata. Hana sumu, waliokwambia ana sumu walikuwa wanakutisha, lakini kidole kitakuuma. Kwa hiyo yule utakayeletewa pale Mbalizi, mkoani Mbeya, juu ya kijiti, katikati ya bajaji na malori yanayokwenda Tunduma, ametulia tuli huku honi zinapigwa kila upande, ana jambo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu ametembezwa tangu milima ya Umalila.

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye umeshamwonea huruma, umeshatia mkono mfukoni, na huambiliki.

Anza kwa kujifunza lugha ya muuzaji, maana kila anachokisifia ni dalili ya ugonjwa. "Mpole huyu, braza, hana neno." Tafsiri yake: amelegea. Kinyonga ni kiumbe wa upweke, hampendi hata kinyonga mwenzake isipokuwa kwa shughuli maalumu na kwa muda mfupi, sembuse wewe. "Anasinzia tu, jua limemchosha." Kinyonga halali mchana. Kila jicho lake huzunguka kivyake, moja linamkagua panzi na jingine linakukagua wewe. Macho yakifumbwa saa sita mchana, hali ni mbaya, na yakiwa yamedidimia ndani, hajanywa maji siku nyingi. "Anacheka, mwone!" Kinywa wazi, ute pembeni mwa midomo: hiyo ni nimonia, au yuko mbioni kuipata. "Ndivyo alivyoumbwa, ana matege." Hakuumbwa hivyo. Mifupa imelainika kwa kukosa madini ya kalsiamu, na taya nalo likilainika hawezi tena kuurusha ulimi. "Anakushika mwenyewe, kashakuzoea." Anaogopa kuanguka.

Halafu kuna ile ya rangi. "Kawa mweusi, kalisoma koti lako." Hajalisoma. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga wa Madagaska mna fuwele ndogo mno. Zikibanana hurudisha mwanga wa samawati, zikiachana hurudisha wa njano na nyekundu, na kinachozibana au kuziachanisha ni hali ya mwenye ngozi, ametulia au amepandwa na hasira, amemwona jike au dume mwenziwe. Weusi uliokolea mara nyingi ni baridi, hofu au maumivu. Kwa hiyo kinyonga mweusi juu ya koti lako jeusi hajakuiga, anakulalamikia.

Ukishayasikia yote hayo na bado unatabasamu, muuzaji atakuvisha kilemba cha ukoka: "Wewe naona ni mtu wa kupenda viumbe." Hapo lipa tu, tusipotezeane muda.

Uliza basi ametoka wapi, ingawa utajibiwa "huko huko". Jibu lina uzito. Yule wa kawaida, mwenye mapindo ya ngozi shingoni, yuko karibu kila pembe ya nchi kuanzia pwani, na joto analivumilia. Lakini nyuma yetu kuna milima ya Uporoto, na huko anaishi kinyonga wa pembe tatu ambaye ulimwengu mzima umekosa isipokuwa Nyanda za Juu Kusini: *Trioceros fuelleborni*. Gustav Tornier wa Berlin alimpa jina hilo mwaka 1900, kwa heshima ya Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani aliyekuwa akikusanya viumbe huku. Huyu hatagi, huzaa watoto hai. Ana jirani mwenye pembe moja ambaye wataalamu hawakumtambua rasmi mpaka 2009. Wote hawa ni watu wa ukungu. Baridi ya Juni inayokufanya uvae makoti mawili, wao wanaiita hali ya hewa.

Sasa angalia mnunuzi mgeni anavyofanya akifika nyumbani. Anaona mnyama amepoa, anakumbuka vifaranga, anakwenda kuchukua taa ya bandani na kumning'inizia juu ya boksi. Kiumbe aliyezaliwa kwenye mawingu ya mlima Ngozi anaokwa mpaka anapauka. Asubuhi watu wanasema, "Baridi imemuua."

Mwanga anaouhitaji kweli hauko kwenye taa hiyo wala dirishani. Kinyonga hutengeneza vitamini D kwa miale ya jua, na bila vitamini hiyo hata ukimlisha kalsiamu kwa kijiko mwili hauichukui. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo, kwa hiyo yule unayemweka sebuleni juani "apate vitamini" anapata joto tu. Jua la Mbalizi ni la bure, liko nje, chini ya mti, lenye kivuli pembeni akitaka kujisitiri. Ila ukimtoa nje, mwewe yupo, paka yupo, na watoto wa mtaani wenye mawe wapo pia, nao wamefundishwa na bibi zao kwamba kinyonga ni mkosi.

Maji usimwekee kwenye kisahani. Atafia pembeni ya kisahani hicho kimejaa, kwa sababu kinyonga hutafuta matone yanayometa juu ya majani. Maji yaliyotulia kwake mara nyingi ni kama hayapo. Inabidi umnyunyizie majani, taratibu, kwa muda mrefu, asubuhi na jioni. Na hapa ndipo bidii ya mnunuzi mgeni inapomaliza mgonjwa, maana kitu cha kunyunyizia kilicho karibu katika nyumba nyingi za huku ni bomba la mgongoni la kupigia dawa, lile lililorudi jana kutoka shamba la viazi. Limesuuzwa? Limesuuzwa. Mara ngapi? Usiulize.

Chakula kina msiba wa namna hiyo hiyo. Achana na ugali, ndizi na mchicha. Mla wadudu huyu, na anataka walio hai, wanaotembea. Utasema panzi wamejaa. Wamejaa, lakini Mbalizi ndiyo njia ya kupandia Umalila, na Umalila wanalima viazi na pareto. Viazi hupigwa dawa. Pareto yenyewe ndiyo dawa: sumu iliyo katika ua lake ndiyo inayoangusha mbu na mende dunia nzima, na ndiyo sababu maua hayo yanasafirishwa hadi kiwandani Mafinga. Panzi unayemwona anayumba, rahisi kumkamata, ndiye wa kumwogopa kuliko wote. Tafuta wadudu mbali na mashamba, uwalishe majani safi kwanza, kisha uwapake unga wa chokaa ya kuku. Ni kazi ya kila siku. Wewe ulitaka pambo.

Akikataa kula, usimfumbue kinywa kwa kijiti. Ulimi unaoutafuta humo umekunjamana kuzunguka mfupa na hufyatuka hadi mara mbili ya urefu wa mwili. Kuna kinyonga mdogo wa Usambara, *Rhampholeon spinosus*, ambaye mwaka 2016 alipimwa akiufyatua ulimi kwa mchapuko wa mara 264 ya mvutano wa dunia. Mtambo wa namna hiyo hautengenezwi kwa kijiti cha meno.

Tumbo likivimba, usifurahi kwamba amenawiri. Huenda ni minyoo, ambayo porini aliishi nayo kwa mapatano na sasa, kwa hofu na njaa, mapatano yamevunjika. Au ni jike. Jike wa kinyonga wa kawaida huchimba shimo ardhini na kutaga mayai kwa makumi. Kwenye boksi la karatasi lisilo na udongo atahangaika kutwa, nawe utasema amepona, amechangamka. Mayai yakikwama anakufa nayo.

Utataka daktari. Duka la pembejeo lipo, bwana mifugo yupo, na ni mtu mwema. Ng'ombe anamjua, nguruwe anamjua, kuku anamjua hata kwa simu. Ukimfungulia boksi atakutazama wewe kwanza. Kisha, kwa kuwa hataki kukuangusha, huenda akagusia ivermectin. Hapo piga hesabu mwenyewe: ng'ombe wa kilo 400 ana uzito wa vinyonga 10,000 wa gramu 40. Kukosea tone moja huku ni kuchinja, na dawa hiyo imeshajulikana kwa kuua kobe. Ndaki ya tiba ya wanyama ipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mgonjwa wako hamalizi safari ya basi ya kutwa nzima.

Nimeacha sheria mwisho kwa makusudi, maana ningeanza nayo usingesoma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Kumkamata au kukaa naye bila kibali ni kosa. Kwa hiyo yule muuzaji kakuuzia, kwa bei ya soda mbili, kitu kilichokuwa chako na changu tangu awali, na kwa kukinunua umekuwa mhalifu.

Wala usije ukapata wazo la Ulaya. Januari 2021 ilitangazwa Vienna kwamba mtu aliyesafiri kutoka Tanzania kupitia Ethiopia alinaswa uwanja wa ndege na vinyonga 74 wa Usambara, wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Walikadiriwa kuwa na thamani ya yuro 37,000 hivi katika magendo, yaani yuro 500 kwa kichwa. Watatu walikufa, waliobaki wakapelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Serikali ya Tanzania ilishafunga usafirishaji wa wanyama hai tangu 2016. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilitangaza kuufungua kwa miezi sita ili wafanyabiashara wamalize waliobaki mazizini, na Waziri wa Maliasili wa wakati huo, Pindi Chana, akalisitisha tangazo kabla wino haujakauka. Wanaouliza "si tuliambiwa imefunguliwa?" wanakumbuka tangazo hilo tu.

Kinachofaa sasa ni kumpeleka kinyonga wako kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, kwenye boksi lenye matundu na kijiti cha kushikilia, bila kumzungusha mtaani kumwonyesha. Nenda mapema, kabla mwenye nyumba hajamwona, kwa sababu mpangaji anayefuga kinyonga chumbani, usiku anasikika akinyunyizia maji majani, atakuwa na maelezo mengi ya kutoa kwa watu wazima wa mtaa. Afisa ataandika jina lako na kukuuliza umempataje. Sema kweli, ulinunua, ulidanganyika. Usithubutu kusema alikuja mwenyewe, hasa kama ni yule wa pembe tatu: kutoka Uporoto mpaka Mbalizi, kwa mwendo ule, afisa atataka kujua aliondoka mwaka gani.