Namna ya Kuogelesha Roboti Isiyo na Betri

Kwanza iondolee betri. Roboti nyembamba kuliko unywele haina pa kuibebea. Iondolee injini pia, na waya zote, na usiionee huruma. Ibaki kichwa kidogo cha nikeli na mkia uliosokotwa mithili ya skrubu. Nguvu utaitoa wewe, ukiwa nje.

Pili, usiifundishe kuogelea kama samaki. Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani, alilieleza hili katika mhadhara wa 1976: kwa kiumbe mdogo kiasi hicho maji ni mazito kama asali, na ukiacha kujisukuma unasimama papo hapo. Kombe wa udogo huo akifunua gamba lake na kulifunga, atasogea kisha atarudi palepale alipotoka. Bakteria husonga kwa kuzungusha mikia. Waige bila haya. Watafiti wa ETH Zurich walikwisha kufanya hivyo, na mwaka 2009 walionyesha roboti yenye mkia wa aina hiyo ikiogelea.

Sasa panga jozi tatu za koili: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Pandisha na kushusha umeme wake kwa zamu mpaka uga wa sumaku uzunguke. Skrubu itazunguka nao na kujichimbia njia. Ukitaka ikate kona, geuza mhimili wa uga. Militesla chache zinatosha. Lakini pupa itakuponza: ukizidisha kasi ya uga, roboti huachwa nyuma, huyumbayumba na karibu kukwama. Punguza, nayo itakufuata tena.

Utatamani kuivuta tu kwa sumaku kubwa. Jizuie. Ukiipunguza roboti urefu, upana na kimo mara 10, mvuto juu yake hupungua mara 1000, ilhali ukinzani wa maji kwa mwendo uleule hupungua mara 10 tu. Kuvuta kunafaa kwa vilivyo vikubwa: mwaka 2007 timu ya Sylvain Martel, Montréal, iliongoza kigololi cha milimita 1.5 ndani ya ateri ya shingo ya nguruwe hai, kwa kutumia mashine ya MRI.

Kabla ya kufikiria mshipa wa mtu, amua roboti itatokaje. Mimi ningeisuka kwa jeli inayoyeyuka mwilini, yenye chembe ndogo za oksidi ya chuma, ambazo ini na wengu huweza kuzivunjavunja.