Risasi Kilo Kumi na Mbili

Neno chapa limebebeshwa mizigo mingi kuliko punda wa mnadani. Kitabu hupigwa chapa, ng'ombe hupigwa chapa, mtoto mtundu huchapwa, na mtu mwenye bidii husifiwa kwamba anachapa kazi. Uchapaji wa herufi za risasi ni mjukuu mmoja tu wa ukoo huo. Herufi moja moja, zilizosubuliwa kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, hupangwa mstari kwa mstari, hukazwa ndani ya fremu ya chuma, hupakwa wino, kisha hukandamizwa kwenye karatasi. Johannes Gutenberg aliufanya ufundi huu Mainz, Ujerumani, katikati ya karne ya 15. Jorodom, kata ya wilaya ya Hanang iliyo jirani na mji wa Katesh, inajulikana zaidi kwa njia ya kupandia Mlima Hanang kuliko kwa uchapaji. Huko ufundi huu hufika ndani ya begi la mwanafunzi wa usanifu wa grafiki aliyerudi nyumbani likizo.

Begi ndilo chanzo cha ajali ya kwanza. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini ya kutengenezea herufi na kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tofauti hiyo haijitokezi vizuri kwenye kizuizi cha barabarani kati ya Babati na Katesh saa mbili usiku.

"Kijana, humu mna nini?"

"Risasi, afande."

"Ngapi?"

"Kilo kumi na mbili."

"Za ukubwa gani?"

"Pointi kumi na mbili, na chache za ishirini na nne. Ni herufi, afande."

Maelezo ya mwisho huchelewa kufika. Begi humwagwa chini ya mwanga wa tochi, abiria hushuka wote kushuhudia, na askari huanza kuitafuta herufi ya kwanza ya jina lake. Akiipata huigeuza huku na huku, kisha hutangaza kwamba imeandikwa vibaya. Macho yake hayana kosa: herufi ya risasi huwa kinyume siku zote, ili karatasi iipokee ikiwa sawa. Basi huondoka na saa nzima ya kuchelewa, na herufi zilizokuwa zimepangwa kwa uangalifu katika vijisanduku huingia Jorodom zikiwa zimechanganyika ndani ya kiroba kama maharage na mawe.

Kuzichambua huchukua siku tatu, na katika siku hizo tatu mwanafunzi hujifunza jambo ambalo darasani lilitajwa kwa haraka: seti ya herufi iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza haikumfikiria Mswahili hata kidogo. Katika hesabu moja ya zamani ya makasha ya wapiga chapa wa Kiingereza, penye herufi e 12,000 palikuwa na a 8,000, w 2,000 na k 800 tu. Ndiyo hesabu inayohusishwa na Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail walipokuwa wakigawa nukta na vistari vya simu ya maandishi katika karne ya 19, na ndiyo sababu e ikapewa nukta moja peke yake. Sasa ipangwe sentensi ya kawaida ya kikao chochote cha Jorodom: "Wanakamati wakakataa kukaa." Ina herufi 24. Kati ya hizo a ni 11, k ni 5, na e hakuna hata moja. Mpanga chapa hubaki na sanduku limejaa e za kuchezea bao, huku akizunguka nyumba nzima akitafuta k.

Tatizo hili ni la zamani kwenye pwani. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 akiwa na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, akaanzisha matbaa ndogo na kuwafundisha kupanga herufi vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1888 misheni hiyo ilianza kutoa jarida la Msimulizi, na mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ikatoa Mambo Leo jijini Dar es Salaam. Wote hao waliweza, na vidole vyao bila shaka vilikuwa vyeusi. Lakini hakuna kati yao aliyetakiwa kuchapa orodha ya kata za Hanang.

Kata za Hanang ni mtihani wa peke yake. Kuna Gendabi, Gehandu, Getanuwas, Gisambalang, Gitting na Gidahababieg. Seti ndogo ya mwanafunzi ina G kubwa nne. Wanaume wa Kidatoga nao huitwa majina yanayoanza na Gida, kama ya wanawake yanavyoanza na Uda, kwa hiyo orodha ya wachangiaji wa jambo lolote humaliza G kabla ya mstari wa tano. Kata ya Masqaroda hudai q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakina kazi nayo. Akijaribu Kiiraqw hali huwa mbaya zaidi, maana maandishi ya lugha hiyo hutaka q na x kwa wingi, na hutumia mkwaju, ule mstari wa mshazari, kuandikia sauti moja ya kooni. Mikwaju ya risasi ilikuwa miwili. Mikwaju ya kuchapia watoto ilipatikana kila kona. Dawa ya wapiga chapa tangu zamani ni kuazima sura inayofanana, na mwanafunzi aliazima tarakimu. Mchangiaji mmoja aliyejiona ameandikwa 6idahababieg aliuliza kama hiyo ndiyo namba ya kutumia pesa.

Baada ya herufi huja wino. Wino wa uchapaji ni mzito kama asali ya zamani, na asubuhi ya mwezi wa saba chini ya mlima unaozidi mita 3,400 hugoma kabisa kutoka kwenye kopo. Vitabu vya ufundi hushauri upashwe moto kidogo. Havisemi upashwe wapi. Jorodom mahali penye moto saa hiyo ni mafigani, na mafigani pana sufuria ya uji na mama mwenye sufuria. Matokeo ya kisayansi ya jaribio hilo ni alama za vidole kwenye mwiko, kwenye kibuyu cha maziwa, kwenye shavu la mtoto mchanga, na kwenye shati jeupe la babu aliyekuja tu kupokea shikamoo yake. Mafuta ya taa huutoa wino huo kwenye chuma bila shida. Kwenye shati la babu huuongezea harufu.

Mashine yenyewe haina makuu. Ni ya mkono, aina ya Adana ya Kiingereza, yenye eneo la kuchapia la inchi 8 kwa 5, na haihitaji umeme. Hilo huifanya kuwa mashine pekee ya mtaa isiyojua mgao. Kila mtu anayeiona huuliza swali moja: kwa nini kazi isipelekwe steshenari ya Katesh, ambako hutoka dakika hiyo hiyo? Mwanafunzi hueleza kuhusu mguso, kina cha herufi kwenye karatasi na uzuri wa kasoro. Msikilizaji hutikisa kichwa kwa huruma, kisha huomba kadi za harusi bure.

Kadi za harusi ndizo kipimo halisi cha fundi. Mpanga chapa husoma mstari wake kutoka kushoto kwenda kulia, lakini herufi zikiwa miguu juu. Zikitazamwa hivyo, n huonekana kama u, b kama p, na d kama q. Aliyezoea hukagua kwa kuchapa nakala moja ya majaribio na kumpa mtu mwingine asome. Asiyezoea, na mwenye haraka, huchapa kadi 150 kwanza. Palipotakiwa pasomeke "Karibu uje na familia" pakasomeka "Karibu nje na familia". Palipotajwa baba wa bwana harusi pakawa na "papa". Kwa Mkatoliki wa Jimbo la Mbulu cheo hicho ni kikubwa mno kwa mkulima wa ngano. Kwa mtu wa Tanga ni samaki mwenye meno. Kamati ilikaa, ikalaumu, ikaamua kadi zigawiwe hivyo hivyo kwa kuwa muda umekwisha. Wageni walifika, wakakaa nje chini ya turubai, mahali ambapo wangekaa kwa vyovyote. Kilichobaki ni suala la malipo ya karatasi, ambalo kamati iliona limefutwa na Papa.

Ni hapo mwanafunzi anapoingia sehemu ya pili ya fani yake, yaani lugha ya alama za siri. Wazo lake si geni kwa Mswahili. Kanga imekuwa ikisema kwa maandishi na maua yale ambayo mdomo umeona haya kuyasema. Kanga za Kaderdina za Mombasa, zenye alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, zinatambulika hata kamba ya kuanikia ikiwa mbali. Wairaqw walitia nakshi za shanga kwenye sketi za ngozi, na baadhi ya Wadatoga wana alama za duara zilizochanjwa kuzunguka macho. Mwanafunzi alichukua mapambo yake ya risasi, yaani maduara, mawimbi na pembetatu, akaipa kila herufi ya alfabeti alama moja, na akachapa bango ambalo, kwa imani yake, lingeonekana sanaa tupu. Ndani yake lilisema: "Kamati haijalipa karatasi." Chini, kwa alama zile zile, alitia sahihi ya mahali: "Jorodom." Alilibandika kwa gundi ya unga wa ngano kwenye mlango wa duka lililo njiani kuelekea mnadani.

Wasomaji wa kwanza walikuwa wafugaji, na walisoma kwa ufasaha kuliko alivyotarajia. Alama aliyoichagulia herufi a, duara lenye mstari katikati, ilikuwa pia chapa ya ng'ombe wa mzee mmoja wa huko. Ilijitokeza mara 8. Kabla ya adhuhuri mzee alifika na fimbo yake na wanawe wawili kuwachukua ng'ombe wanane waliopatikana. Ilimchukua mwanafunzi muda kueleza kwamba hakuna ng'ombe, na muda mrefu zaidi kueleza kwa nini basi ametangaza.

Fundi chuma aliyeitwa kuwa shahidi alivutiwa na jambo jingine. Alishika herufi moja ya risasi, akaitazama usoni, na kuuliza kama kweli watu husomea hiyo chuoni. Chuma cha kupigia chapa ng'ombe nacho, kikiwa na herufi, hufuliwa kinyume ili ngozi isomeke sawa. Tangu Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 kazi hiyo ina taratibu za kiserikali, na siku hizi ng'ombe huvishwa pia hereni za kielektroniki. Mteja wa fundi huyo hulalamika kwa kwato, na nakala ya majaribio haipo. Hajawahi kukosea n na u.

Siri yenyewe ilidumu mpaka watoto walipotoka shule. Msichana wa darasa la tano hakuanza na maneno makubwa. Alitazama neno la chini, lenye alama saba, ambamo alama moja ilijirudia nafasi ya pili, ya nne na ya sita. "Jorodom," alisema, kama anayejibu kitendawili chepesi. Tayari alikuwa na j, o, r, d na m. Juu, alama moja ilitokea mara 8 kati ya 23, na katika Kiswahili hakuna mgombea mwingine wa cheo hicho zaidi ya a. Njia ya kuhesabu alama na kuzilinganisha na tabia za lugha ilielezwa Baghdad na Al-Kindi katika karne ya 9, na Kiswahili huirahisisha zaidi, kwa sababu silabi zake karibu zote huishia na irabu: ukishazijua irabu, konsonanti hujisalimisha zenyewe. Msichana alisoma sentensi nzima kwa sauti ya darasani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa dukani akinunua sukari.

Watoto wa pwani wangemshauri mwanafunzi atumie kinyume, ule mchezo wa kuitanguliza silabi ya mwisho, ambapo mbuzi huwa zimbu na nyumba huwa mbanyu. Steere aliupenda kiasi cha kuutilia mifano katika kiambatisho cha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870, na ni jambo la kufaa kabisa kwa mtu aliyeshinda akitazama herufi zilizogeuka. Mwanafunzi alianza kupanga bango la pili, la kumwomba radhi mwenyekiti, lenye kichwa "Domjoro". Halikuhitajika. Karatasi ililipwa jioni ile, nusu taslimu na nusu kwa mahindi. Bango la kwanza nalo lililiwa na mbuzi aliyefuata ladha ya gundi, akaanzia kwenye Jorodom na kuishia kwenye kamati.

Hatua ya mwisho ya kazi yoyote ya risasi ni kusafisha herufi na kurudisha kila moja kwenye chumba chake, mikono ikioshwa vizuri kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa madini hayo ni sumu. Hesabu ya mwanafunzi ilionyesha e zote zipo, k zote zipo, q zipo mbili. G kubwa zilikuwa tatu. Ya nne ilionekana siku ya kuondoka, shingoni mwa yule yule mbuzi, uzi ukiwa umekaa sawasawa kwenye kile kikato ambacho kila herufi ya risasi huwa nacho ubavuni. Mwenye mbuzi, ambaye jina lake huanza na Gida, alieleza kwamba mnyama wake sasa ana chapa. Akaambiwa kwa upole kwamba imegeuka. Alijibu kwamba hata mbuzi alikuwa anakwenda upande ule.