Misingi ya Dokolojia: Uainishaji wa Udokozi wa Roki Kuukuu

1. Utangulizi

Mwanafunzi wangu, zima simu na ukae wima. Elimu unayoingia leo imezaliwa nyuma ya hesabu, falaki na fikihi, lakini kwa uzito hakuna iliyoitangulia. Nimeipa jina la Dokolojia. Ni taaluma ya jinsi prodyuza wa leo anavyotia vidole katika chungu cha roki ya jana, akachopoa mnofu wa sekunde mbili, akaula mbele za watu, kisha akaapa kuwa amepika mwenyewe. Wapo wanaoliita jambo hili "kusampo." Hao ni watu wa kucheza dansi, na hatutawataja tena.

2. Istilahi za lazima

Kidokozi ni kipande cha sauti kilichochopolewa kutoka rekodi ya zamani. Mdokozi ni aliyechopoa. Mdokolewa ni mwenye rekodi, aghalabu mzee mwenye nywele ndefu na wakili mwenye nywele fupi. Urudufuduara ni tabia ya kidokozi kujirudia hadi msikilizaji asahau kuwa kiliwahi kuwa na mwanzo.

Usimchanganye mdokozi na mwigaji. Mwigaji hupiga upya kilichokwisha kupigwa, hivyo huomba idhini moja tu, ya utunzi. Mdokozi huchukua sauti ileile, na vumbi lake, na mkwaruzo wake, hivyo hudaiwa idhini mbili: ya utunzi na ya rekodi. Asiyeijua tofauti hii asisogelee hata redio.

3. Ala za utafiti

Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ilitoa mashine ya SP-1200, ambayo kumbukumbu yake yote ilitosha sekunde kumi hivi. Wadokozi wakabuni mbinu ninayoiita ukunjamuda: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika huzungushwa 45, sauti hunaswa ikiwa mbioni, kisha mashine huirudisha kwenye mwendo wake. Nafasi iliokolewa. Sauti nayo ikatoka imeparuzika, na maparuzo hayo yakaja kupendwa kuliko usafi. Zingatia: uhaba umezaa mtindo. Jambo hili halikosi kwenye mtihani.

4. Uainishaji

4.1 Dokodramu. Huu ni udokozi wa dramu peke yake. Kielelezo chake kikuu ni John Bonham wa Led Zeppelin katika "When the Levee Breaks" ya mwaka 1971. Dramu ziliwekwa ukumbini mwa nyumba ya Headley Grange, Hampshire, na maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu, kwenye ngazi. Beastie Boys wakazichopoa mwaka 1986 na kuifungulia albamu yao ya kwanza. Kwa hiyo aina hii hugawanyika mara mbili: (a) dramu zenye ngazi; (b) dramu zisizo na ngazi. Kuhusu idadi ya vidato, maoni yangu nimeyahifadhi kwa wanafunzi wa uzamivu.

4.2 Dokobesi. Hapa huchopolewa mkondo wa gita la besi. Mwaka 1981 Queen na David Bowie walitoa "Under Pressure," na mwaka 1990 Vanilla Ice akajengea juu ya besi yake "Ice Ice Baby." Alipobanwa, alijitetea hadharani kwamba ya kwake ina noti moja ya ziada. Utetezi huo ninauita Nadharia ya Nukta ya Wokovu. Haukumwokoa: majina ya Queen na Bowie yaliingizwa kwenye orodha ya watunzi.

Sasa tazama ajabu ya maumbile. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J wa Dar es Salaam akachana kwa Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby." Besi ilitoka Ulaya, ikapita Marekani, ikaja kutia nanga ng'ambo tu ya mkondo wa bahari kutoka kwa kitovu cha mmoja wa wazazi wake. Mwendo huu naueleza kwa istilahi ya urejeopwani, na sitaki kusikia mtu akiuita bahati nasibu.

4.3 Dokogita. Mwaka 1997 Puff Daddy aliomboleza kifo cha Notorious B.I.G. juu ya gita la "Every Breath You Take" ya The Police, ya mwaka 1983. Aliyelicharaza gita hilo ni Andy Summers. Aliyeandikishwa kuwa mtunzi ni Sting, na mrabaha wa utunzi humfuata mtunzi. Hivyo mwanadokolojia hutenga mkono-mcharazi na mkono-saini. Wa kwanza huota sugu.

4.4 Dokojamaa. Hii ni hali adimu ambapo mdokolewa huitwa studio kushiriki kudokolewa kwake. Mwaka 1986 Run-DMC waliutoa upya "Walk This Way" wa Aerosmith, wa mwaka 1975, huku Steven Tyler na Joe Perry wakiwa nao. Wataalamu wapevu watauliza kama kinachotolewa kwa mkono wa mwenyewe ni udokozi au ukarimu. Jibu: ni udokozi wenye chai.

4.5 Dokonukta. Kidokozi hapa ni kidogo hata mwenyewe hukitambua kwa shida. N.W.A., katika wimbo wao wa 1990, walichukua sekunde mbili hivi za gita la Funkadelic, wakazishusha sauti na kuzirudufu. Mwaka 2005 mahakama ya rufani yenye mamlaka juu ya Tennessee ikaamua: pata leseni, la sivyo usiguse. Mwaka 2016 mahakama ya ngazi hiyohiyo yenye mamlaka juu ya California ilipima mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23 katika "Vogue" ya Madonna, ikaona ni mdogo mno kuwa kosa. Basi sauti moja yaweza kuwa mwizi mashariki na raia mwema magharibi. Mwanafunzi anayesafiri na dokonukta mfukoni achague uwanja wa ndege kwa makini.

5. Kanuni za uasili

Kanuni ya Kwanza: kila mdokolewa ni mdokozi mstaafu. Wimbo uleule wa Led Zeppelin ulirekodiwa kwanza na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie mwaka 1929, ukisimulia mafuriko ya Mississippi ya mwaka 1927. Ukilifuata jambo hadi chimbuko lake, asilia pekee ni mafuriko, nayo hayajamshtaki mtu.

Kanuni ya Pili: kidokozi hakiamui wimbo. Mwaka 2003 Jay-Z wa New York na Dizzee Rascal wa London walichopoa dramu zilezile za Billy Squier, za mwaka 1980. Zikatoka nyimbo mbili ambazo hata kiziwi hawezi kuzichanganya. Uasili, basi, haumo katika kilichochukuliwa. Umo katika umbali kilikopelekwa.

Kanuni ya Tatu: umbali huo hupunguzwa na mawakili. Mwaka 1997 The Verve walijenga "Bitter Sweet Symphony" juu ya okestra ya Andrew Oldham iliyopiga wimbo wa Rolling Stones. Utunzi wote ukaandikwa kwa majina ya Jagger na Richards, na Richard Ashcroft, mwimbaji wa The Verve, hakurejeshewa haki yake hadi mwaka 2019.

Natoa hapa mlinganyo ambao vizazi vitaukariri: U = M ÷ W, ambapo U ni uasili, M ni umbali, na W ni idadi ya mawakili. W ikiwa sifuri, uasili wako hauna kikomo, na maana yake kisayansi ni kwamba hakuna aliyewahi kuusikia wimbo wako.