Mimi Ndiye Upepo

Yakhe, usiombe. Usiombe hata siku moja kukabidhiwa ligi ya gofu ya ndani ya nyumba wakati wa baridi. Bora ukabidhiwe mirathi ya marehemu aliyeacha wajane wanne. Wale wakishagawana wananyamaza. Wangu hawanyamazi. Simu hii hapa mfukoni inatetema sasa hivi, najua ni nani, najua anataka nini, na sina.

Kwanza nikupe ramani. Niko Minnesota, Marekani, kule juu mpakani na Kanada. Ikifika Novemba viwanja vya gofu vinaanza kufungwa, na hadi Aprili ifike mtu hana pa kupigia mpira. Januari kuna siku kipimo kinasoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Maziwa yanaganda, watu wanaendesha magari juu ya barafu, wanatoboa tundu, wanavua samaki. Mimi mtu wa Likoni bana. Kwetu Julai ikishuka nyuzi 22 tunatafuta sweta. Huku nimefuata riziki, na riziki yenyewe nimeipata kwenye ghala lililogeuzwa ukumbi wa gofu.

Maana watu hawa gofu hawawezi kuiacha. Nje kumefungwa? Wanaiingiza ndani. Mnatengenezewa chumba, mbele kuna skrini ya turubai gumu, pembeni nyavu, chini zulia la majani ya plastiki. Mtu anapiga mpira wa kweli kwa fimbo ya kweli. Mpira unakwenda hatua chache, unagonga turubai, pu, unaanguka. Basi. Lakini kabla haujagonga, kuna kidude cha kamera kimeshaupiga picha, kimeshajua kasi, pembe na unavyozunguka, na kompyuta inakuchorea safari iliyobaki. Kwenye skrini unauona mpira wako unapaa juu ya bahari. Chini unauona umelala karibu na kiatu chako. Hiyo ndiyo simuleta. Ziko za rada, ziko za kamera. Yetu ya kamera. Bosi aliipata kwa punguzo, na utakuja kujua kwa nini ilipunguzwa.

Nilimweleza mama kwa simu.

"Mwanangu, wanacheza mpira ndani ya nyumba?"

"Ndio, mama."

"Watu wazima?"

"Wengine wana wajukuu."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Naandika nani kashinda."

Akanyamaza kidogo. "Si mimi nilikuwa nakuchapa kwa kucheza mpira sebuleni?"

"Ndio, mama."

"Kumbe nilikuwa nakuzibia riziki."

Utauliza nilifikaje kuwa katibu wa ligi. Sikufika, nililetewa. Katibu wa zamani ni mzee mstaafu, na wazee wa huku wenye nafasi baridi ikianza huhamia Florida. Akahama. Bosi akaangaza macho ukumbini, aliyekuwa karibu ni mimi na ufagio. "Unajua kompyuta?" Nikasema najua. Gofu sikuulizwa, na mimi si mtu wa kujibu swali ambalo sikuulizwa. Mshahara haukuongezwa. Niliongezewa kofia, na ruhusa ya kucheza saa moja ya bure kila wiki. Mchezo wenyewe naujua wapi? Pale Mombasa uwanja upo, wa mashimo tisa, ufukweni, tukienda feri tunaupita. Waliokuwa ndani walikuwa ndani. Sisi tulikuwa barabarani na mihogo ya kukaanga.

Basi Jumanne jioni. Timu za watu wawiliwawili, mashimo tisa, saa mbili kwa kila chumba. Jina langu limewashinda, wananiita Ligi. "Ligi! Skrini imeganda!" "Ligi! Projekta inaandika inatafuta mtandao!" "Ligi! Mpira hausomeki!" Programu nayo ina adabu zake. Wiki nzima imetulia, haina shida na mtu. Jumanne saa kumi na mbili jioni, watu wameshavaa glavu, ndipo inapokumbuka kwamba inataka kujisasisha. Asilimia tatu. Asilimia nne. Watu kumi na wawili wamesimama nyuma yangu wananipumulia shingoni.

Sasa ngoja nikwambie habari ya handikapu. Handikapu ni namba ya kumbeba asiyejua ili acheze na anayejua bila kudhalilika. Wanaojua wana mfumo wao wa dunia nzima, ulianza 2020: unachukua raundi zako 20 za mwisho, unachomoa 8 zilizo bora, unapiga hesabu. Safi. Ila mfumo huo hautambui raundi za simuleta. Ukipiga ndani, haihesabiki. Kwa hiyo handikapu ya ligi yetu inatoka wapi? Inatoka kwangu. Mimi, niliyepata D ya hisabati, nimekaa na laptopu yenye herufi tatu zisizobonyezeka, naamua mwenye kampuni ya bima ni mzuri kiasi gani.

Wao wanajua. Wanajua kuliko mimi. Kuna fundi wa mabomba hapa, mtu mpole, ana mikono mipana. Wiki za mwanzo, wakati namba zinapimwa, alipiga mipira unaona huruma. Majini. Msituni. Mmoja ulirudi nyuma, ukagonga kopo la soda. Nikampa handikapu nono, nikamtia moyo, nikamwambia asikate tamaa. Ligi ilipoanza, wallahi, yule mtu alibadilika. Mpira umenyooka, unashuka karibu na bendera, unakaa. Wenzake wakaja juu: anaficha makali! Fundi hakutetereka. Akawakumbusha Hazeltine, uwanja ulio papa hapa jimboni, mjini Chaska, mwaka 2009. Tiger Woods alikuwa hajawahi kupoteza mashindano makubwa akiwa anaongoza kuingia siku ya mwisho. Akaongoza, na akapigwa na Mkorea, Y.E. Yang, mwanamume wa kwanza mzaliwa wa Asia kutwaa taji kubwa la gofu. "Yang aliweza, mimi nisiweze?" Kila mtu akanyamaza. Halafu wote wakageuka kunitazama mimi. Kwani mimi nilikuwa Chaska?

Halafu kuna daktari wa meno. Mtu wa mkono wa kushoto. Kidude chetu cha kamera kinakaa sakafuni, kinamtazama mchezaji. Mtu wa kulia akipiga, kinakaa upande huu. Wa kushoto akija, lazima kihamishiwe upande ule. Ziko mashine za kuning'inia darini ambazo hazijali mkono wa mtu, na bosi anasema mwakani. Mwakani yake naijua. Sasa daktari ni wa kushoto na mwenzake wa timu ni wa kulia. Anapiga huyu, napiga magoti, nahamisha. Anapiga yule, napiga magoti, narudisha. Jioni nzima niko chini. Viatu vya daktari nimeshavijua hadi uzi uliochomoka. Na kidude kikikaa mshazari kidogo tu, mpira uliopigwa sawa unaonekana umeingia porini. Kosa la nani? Daktari hakunifokea. Aliniangalia tu, vile anavyowaangalia watu wasiosafisha meno. Nikafunga mdomo.

Wiki moja daktari akasema nipige mimi mpira mmoja, tujaribu kama mashine ni nzima. Nikakataa. Wakasisitiza. Chumba cha pili kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, nao wakaja kutazama, na keki zao. Nikashika fimbo, nikavuta pumzi, nikaipiga hewa. Nikaipiga tena, mpira ukagusika. Ubaya wa mashine ni kwamba haina staha. Mtu angesema tu pole. Mashine iliandika kwa tarakimu kubwa, skrini nzima, ukumbi mzima unasoma: yadi 11. Mtoto wa sherehe akauliza mama yake kama mimi ndiye mwalimu.

Nikaona bora nijifiche kwenye kanuni. Kanuni nazo zikanifuata. Tatizo la kila simuleta ni ile mipigo midogo ya mwisho ya kuusukuma mpira shimoni. Unasukuma kwenye zulia tambarare huku skrini inakwambia uko mlimani. Inawatia wazimu. Dawa yake, ligi nyingi zinaweka duara: mpira ukisimama ndani ya duara, umehesabiwa umeingia, twende shimo linalofuata. Sasa duara liwe la ukubwa gani? Wazuri wanataka futi 6, ili ustadi uonekane. Wabovu wanataka 10, ili warudi nyumbani mapema. Kikao kikaitishwa. Kikachukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Nikaamua kwa busara za wazee: 8. Yakhe, busara za wazee zinafanya kazi mahali penye wazee wanaopatana. Kambi zote mbili zilinikasirikia, na ndiyo mara pekee zilipowahi kukubaliana.

Lakini yote tisa. Kumi ni upepo.

Wanapenda kucheza Pebble Beach, uwanja wa California ulio ukingoni mwa bahari ya Pasifiki, wa tangu 1919. Kwenda mwenyewe ukacheze raundi moja unatoa zaidi ya dola 600. Kwetu ni kubofya tu. Shimo la saba la pale ni fupi mno, kama yadi 106, unapiga kushuka kuelekea majini. Kule kwenyewe upepo ndio mwamuzi. Siku umetulia, mtu anapiga kafimbo kadogo. Siku umechafuka, anatafuta fimbo kubwa na dua. Sasa kwenye simuleta upepo unatoka wapi? Kuna kitufe. Kitufe kiko kwenye laptopu. Laptopu ninayo mimi.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi hii. Mcheza gofu anataka cha kulaumu, yaani bila cha kulaumu mchezo haunogi. Huko nje amejaliwa: kuna upepo, kuna umande, jua la machoni, ndege aliyelia, nyasi zilizokatwa vibaya, na mbeba fimbo aliyekohoa. Ndani ya nyumba vyote vimeondolewa. Joto ni lilelile. Majani hayaoti. Ndege hayupo. Amebaki yeye, fimbo yake, na mimi. Jilaumu mwenyewe? Nani, mtu wa bima? Upepo wa Pebble Beach hakuna anayeuandikia ujumbe saa sita usiku. Mimi naandikiwa. "Ligi, ule upepo wa shimo la saba ulikuwa wa haki kweli?" Nikiuzima wanasema nimewapa mchezo wa kitoto. Nikiuwasha wanasema nina chuki.

Na fimbo zao wanazilaza garini usiku kucha, pamoja na mipira, kwenye baridi ile. Mpira uliopoa hauendi mbali, hata mimi nimeshajua. Anaingia navyo moja kwa moja, barafu haijayeyuka, anapiga, mpira unapungukiwa. Anageuka. "Ligi, hii kamera inasoma kweli?" Viatu vimebeba chumvi ya barabarani, ile wanayomwaga kuyeyusha barafu, zulia limekuwa jeupe. Anayefagia ni katibu.

Theluji nayo ina hila. Ikianguka kubwa, jiji la Minneapolis linatangaza dharura ya theluji, na ukiegesha gari upande usiofaa wa barabara linavutwa. Tangazo likitoka Jumanne, nusu ya ligi inapata udhuru. Nusu iliyofika inataka pointi za bure kwa sababu imefika. Iliyokosa inataka kurudia Alhamisi. Alhamisi chumba kina watu waliolipa. Mimi niko katikati na jedwali, nafuta, naandika, nafuta.

Pesa? Usiniulize pesa. Kuna kitita kidogo cha kila wiki, dola chache, anayeshinda shimo peke yake anaokota. Mtu amekuja na gari linalozidi bei ya nyumba ya ukoo wetu wote. Ukimwambia kitita, anajipapasa mifuko. "Nitakutumia usiku." Usiku gani, hakusema.

Nilijifariji nilipoona hata wakubwa wameyaonja. Tiger Woods na Rory McIlroy nao wana ligi ya ndani, inaitwa TGL, iko Florida, skrini yao ni futi 64 kwa 53. Ilitakiwa kuanza Januari 2024. Novemba 2023 umeme ukakatika, kuba la ukumbi lililokuwa linabebwa na hewa likalala chini. Ligi ikasogezwa mwaka mzima, ikaanza Januari 2025. Nikawaambia wangu: jamani, Tiger amesubiri mwaka, nyinyi asilimia nne zinawashinda? Fundi wa mabomba akasema Tiger hana katibu wa namna hii.

Basi msomaji, kama unakaa maeneo ya Minneapolis na Jumanne jioni huna shughuli, natafuta mchezaji wa akiba. Gofu si lazima uijue. Uwe wa mkono wa kulia. Fimbo zako uzilaze ndani ya nyumba. Na dola za kitita uje nazo mkononi, taslimu, kabla hujagusa mpira.