Namna ya Kufeli Vizuri Mtihani wa Mke Mwema

Dada, sogeza kigoda, na huo mlango urudishe kidogo.

Siku ile ya kwanjula, ulipomtambulisha mchumba kwa wazazi, gomesi ikikubana kiuno na shangazi akikunong'oneza usiinue macho, uliingizwa kwenye mtihani ambao hukuwahi kuuomba. Wasahihishaji wake ni wengi: mama mkwe, mawifi, jirani wa ukuta mmoja, mchungaji, mwenyekiti wa LC, lile baraza la kijiji, na wale vijana wa boda pale njia panda. Alama ya kufaulu hakuna aliyewahi kuitaja. Nimewaona wanawake wa huku kwetu Uganda, kuanzia Nabuyonga pale Mbale mpaka Jinja, wakizeeka wakiwa bado wanaufanya. Ushauri wangu ni mmoja: feli. Ila feli kwa ustadi, nguo ikiwa imepigwa pasi na wageni wakisifu mchuzi wako. Njia ni hii.

1. Anza na kuku

Usianze na katiba. Anza jikoni, mahali ambapo wasahihishaji hawapendi kukaa kwa sababu ya moshi.

Bibi zetu wa Busoga na Buganda hawakula kuku wala yai. Walimfuga, wakamnyonyoa, wakampika, wakampeleka kwa wanaume, kisha wakarudi kwenye mboga zao. Mwiko wenyewe umekufa, lakini firigisi imebaki. Mpaka leo ipo nyumba ambayo mke akiila firigisi kikao kinaitwa. Basi usigombanie ile moja iliyo chunguni. Nunua za kwako, zikaange na kitunguu na pilipili, uzile saa nne asubuhi na binti zako, mmekaa, bila haraka. Jioni mwekee baba yao sahani yake na firigisi yake juu, aione. Anayejali firigisi anajali kuonekana akipewa. Mpe huko kuonekana kwa moyo mweupe, wewe umeshashiba.

Binti anayemwona mama yake akila kipande kizuri hatakuja kuomba ruhusa ya kushiba kwenye nyumba ya mtu.

2. Magoti yapangie bajeti

Katika Busoga mwanamke husalimia akiwa amepiga magoti, na mimi sikwambii uiache desturi hiyo. Mpigie magoti bibi aliyekulea, mpigie na baba yako. Ni upendo huo, na upendo haunichukizi. Lakini usipige magoti kwenye lami yenye maji, wala ukiwa na mtoto mgongoni na beseni kichwani, wala mbele ya karani anayelipwa mshahara ili akuhudumie.

Njia ya mkato: legeza magoti kidogo, inamisha kichwa, na salamu uirefushe. Uliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, za watoto kwa majina. Taja cheo cha mtu kama anacho, na kama hana, mpe. Salamu ikinoga hivyo, hakuna anayeangalia goti limefika wapi.

3. Vaa, na uwe na jibu

Watakwambia gomesi ndiyo nguo ya asili, na suruali ni ya kuiga. Hapo tabasamu, uwaeleze habari za Gomes. Alikuwa fundi cherehani Mgoa, na mwanzoni mwa karne ya 20 ndiye aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza vazi hilo, lenye mabega yaliyochongoka na vifungo viwili shingoni. Jina la nguo ni jina lake. Kwa hiyo vazi la heshima kuliko yote katika nusu ya nchi hii lilikuwa fasheni mpya, lililetwa na mgeni, na likavaliwa na wasichana wadogo kabla ya mama zao. Mimi nalipenda sana. Nalivaa harusini na matangani, kikoyi chake ndani, mkanda umefungwa sawasawa. Ninachokataa ni kufungwa nalo mdomo.

Ujue pia historia ya sketi yako. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi. Februari 2014 ikatiwa sahihi Sheria ya Kupinga Ponografia, watu wakaiita sheria ya sketi fupi, na muda si muda kukawa na vijana wanaowavua wanawake nguo barabarani mchana kweupe kwa jina la maadili. Wanawake waliandamana Kampala, wakaenda mahakamani, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vyake vikuu. Mwezi huohuo, kule Tokyo, binti wa Sebei aitwaye Peruth Chemutai alikuwa amekimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akaleta dhahabu, mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa amevaa nguo za mbio. Nchi nzima iliona miguu yake, ikalia kwa furaha. Basi mtu akikusimamisha njiani kwa ajili ya miguu yako, mkumbushe Chemutai, kisha ongeza mwendo.

Na lesu zako zisome kabla ya kulipa! Dukani Mbale zimejaa maneno ya Kiswahili, na wengi wetu hujifunga tu kwa sababu rangi ni nzuri. Dada zetu wa pwani wanajua kuchagua. Mtu anamjibu wifi yake siku nzima bila kufungua kinywa. Wewe unasoma Kiswahili. Chagua neno lako, jifunge, pita mbele ya nyumba inayohusika. Rudi kwa njia ileile.

4. Panda boda kama dereva

Kukaa upande kwenye bodaboda, miguu yote imening'inia kushoto, kunaitwa adabu. Kwenye kona na mashimo kunaitwa hatari. Vaa suruali au taiti chini ya gauni, tandaza lesu juu ya mapaja, kaa mkao wa kupanda, ushike chuma cha nyuma. Ukikaribia nyumbani kwa wakwe, na kama huna nguvu za kesi siku hiyo, shuka hatua hamsini kabla, utembee. Si woga. Ni kuchagua siku ya kugombana.

5. Pesa, na hapa tukae zaidi

Kila kitu nilichokwambia ni mazoezi tu ya hiki.

Kwanza, ingia kwenye kikundi cha akiba, kile chenye sanduku la chuma la kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti. Uzuri wake hauko kwenye riba peke yake. Mume, kaka au mchungaji akija na shida ya ghafla inayofanana na bia, unamwambia ukweli mtupu: pesa ipo, lakini ufunguo ni wa fulani na fulani, na wiki ya kufungua bado. Kukataa kwako kunakuwa kanuni ya kikundi, na kanuni haimwaibishi mtu. Mwanaume mwenye kiburi huimeza kanuni kwa urahisi kuliko kulimeza neno "hapana" kutoka kwa mke wake. Basi mmezeshe.

Pili, uwe na laini yako ya simu, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa kwanza. Huo mtaa wote unaujua.

Tatu, kahawa. Nakusihi unisikilize, wewe wa Bugisu. Huko juu mlimani Masaba mwanamke hupalilia, huchuma, humenya, huosha, huanika, huingiza ndani mvua ikinusa, huanika tena. Siku ya kuuza, gunia linapanda pikipiki na mwanaume, na bei inabaki huko huko. Chama cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, na tangu hapo hadithi ya kahawa yetu husimuliwa kwa majina ya wanaume, wakati mikono iliyoifanya ni ya wanawake. Fanya hivi: kabla gunia halijatoka, lipime. Huna mizani? Pima kwa debe, uandike kwenye daftari la shule la mtoto, tarehe na idadi. Uliza bei ya siku kwa watu wawili. Pesa ikirudi, usiulize iko wapi. Soma tu daftari kwa sauti huku ukimsahihishia mtoto hesabu. Msimu unaofuata omba uandikwe uanachama kwa jina lako, hata kwa miche michache. Jina lililomo kwenye kitabu cha ushirika linalipwa. Jina lililomo moyoni mwa mume linashukuriwa, na shukrani huwezi kuipeleka kulipia karo.

6. Mkutanoni, shika kalamu

Katiba ya 1995 inatutengea theluthi ya viti katika mabaraza ya serikali za mitaa, na ibara yake ya 33 inazikataza mila zinazodhalilisha utu wetu. Vizuri. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi ambako theluthi hiyo inaombwa ikapike chai.

Usikimbilie uenyekiti mara ya kwanza. Uenyekiti una hotuba nyingi na usiku mfupi. Omba ukatibu. Mwache mwenyekiti afungue, afunge, asalimie wageni, ajisifu kidogo. Wewe andika. Anayeandika kumbukumbu ndiye anayejua kilichoamuliwa, na wiki tatu baadaye, wote wakiwa wamesahau, ndiye anayeulizwa. Andika wazi: fulani, mwanamke, alipendekeza kisima, ikakubaliwa. Usidanganye hata neno moja. Huhitaji. Ukweli peke yake, ukiandikwa na mwanamke, tayari umegeuza nusu ya historia ya kijiji.

Chai wapike wenyewe.

7. Lisilosemeka, liimbe

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, ukifunguliwa pale Mutoto, ngoma za kadodi huteremka barabarani, na wanawake hufunga sweta kiunoni wakacheza mpaka vumbi linafika madirishani. Tohara ni ya wavulana, lakini barabara siku hizo ni yetu. Tumia nafasi. Palipo na kiongozi wa wimbo na waitikiaji, pana mahali pa kutia neno jipya. Neno ambalo ukilisema kikaoni unaitwa mkorofi, ukilitia kwenye wimbo watu mia wanakuitikia, na hakuna LC aliyewahi kuita kesi dhidi ya kiitikio. Mwimbaji Siti binti Saad alianza maisha akiuza vyungu Zanzibar. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri, na mambo ya wanyonge yakasikika kwenye nyumba zisizowaruhusu wanyonge kuingia.

8. Wakikuhesabia ng'ombe

Ipo siku utataka kutoka kwenye ndoa, na kaka yako atakwambia: rudi, ng'ombe tumeshakula. Kwa jambo hili sitaki ukimbizane na mtu, nataka ukariri. Shirika la MIFUMI, lililoanzia kijiji cha jina hilo kule Tororo, jirani zetu kabisa, lilipeleka suala la mahari mahakamani. Mahakama ya Katiba ikalikataa mwaka 2010. Hawakukunja mkeka, walikata rufaa, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikufutwa. Kudai irudishwe ndiko kumefutwa. Yaseme hayo kwa sauti ya kawaida, huku ukimimina chai ya kaka. Taja mwaka.

9. Mkono ukiinuliwa

Hapa hakuna njia ya mkato, na sitakufundisha kukwepa kwa ustadi.

Mwaka 2002 Specioza Wandira Kazibwe, binti wa Busoga, daktari, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa makamu wa rais, alisema hadharani kwamba mumewe alimpiga. Wapo waliosema amejiaibisha. Mimi nasema alitupunguzia aibu wote, kwa sababu baada yake hakuna anayeweza kukwambia kwamba hupigwi ukiwa na elimu, au cheo, au ukijua kupika. Sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani ipo tangu 2010. Toka. Nenda kwa mtu, kisha polisi, uwe na shahidi na karatasi ya kliniki. Katika somo hili usijali kufeli kwa uzuri. Feli kwa kelele.

10. Karatasi

Washauri wengine watakufundisha umwachie mume wazo lako ili alione ni lake, mradi nyumba ijengwe. Mimi nakataa kabisa. Kilichoitwa chake kitarithiwa kama chake, na siku ya msiba ndugu zake watakuja na tepu ya kupimia.

Kiwanja ukichangia, jina lako liingie kwenye hati ya mauziano siku ileile, mbele ya mashahidi, muhuri wa LC ukigongwa wewe ukiwepo. Akisita, msifu mbele ya muuzaji: sema wanaume wa kisasa ndivyo wanavyofanya, na wewe umebahatika. Nimeona kalamu zikitembea kwa sifa hiyo moja. Ardhi mnayoishi na kuitegemea haiuzwi bila idhini yako. Ndivyo sheria ya ardhi inavyosema. Kwa hiyo ukiletewa karatasi usiku, sema macho yanauma, utaisoma kesho. Kesho uisome kweli, au umpelekee anayejua kuisoma. Na mume akifa bila wosia, sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane asilimia 20 ya mali, si ile 15 ya zamani. Vyeti vya ndoa, hati, risiti za mabati, vyote vitolee nakala, na nakala zisikae nyumbani. Zipeleke kwa mama yako, au kwa yule mwenzako mwenye ufunguo wa kufuli ya pili, wiki hii hii, kabla hujaanza na kuku.