Masikio ya Kapita Nyati

Katika bonde la Shari, mto upitao Bunia kwenda kuungana na Ituri, wanyama waligombania kivuko. Kila kiangazi, maji yakipungua, kila mmoja alitaka kunywa wa kwanza, na kesi zote zilipelekwa barzani kwa Kapita Nyati. Mshtaki aliondoka na kovu, mshtakiwa naye vilevile.

Wazee wakakata shauri kwamba asiamue kesi asiyeujua moyo wake. Kibuyu kikawekwa chini ya mkaratusi. Kila anayetaka ukapita ajipimie punje za mahindi, na kumi ziwe za yule anayezijua barabara hasira, hofu na huzuni zake.

"Mimi sikasiriki!" Nyati alinguruma, ndege wakatawanyika mtini. Akaweka kumi. Fisi kumi. Nyani kumi na mbili. Korongo alisimama muda mrefu, akaweka tatu, wakamcheka.

Walimcheka bure. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani walioandika juu ya akili ya hisia mwaka 1990, hapo baadaye walitunga vipimo vya kumtaka mtu aonyeshe uwezo wake, kwa mfano kusoma hisia usoni mwa mwenzake. Alama za kujipa mwenyewe hazitoshi. Kobe hakuwahi kuwasikia, lakini alisema:

"Kibuyu kimejaa sifa. Sasa tuwaulize wanaolala nao."

Ndama wa Nyati akasukumwa mbele. Hakugusa punje. Alikuwa akimtazama baba yake kichwani.

"Unatazama nini?"

"Masikio, baba. Yakirudi nyuma, mimi na mama tunahamia kwa shangazi. Huwa yanarudi kabla hujasema neno."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kutembea."

Barza lote kimya. Nyati akapandwa na hasira palepale, na kwa mara ya kwanza akaisikia ngozi ya mashina ya masikio ikikaza. Ukwato ulikuwa umeshainuka. Akaushusha polepole, na ninaamini siku ile hakuna kazi nzito zaidi iliyofanywa bondeni.

Ukapita walimwachia, kwa sharti ndama akae naye barzani.

Juma lililofuata Fisi na Ngiri walifika wakitukanana juu ya kivuko. Nyati akainuka, akageuka.

"Mwanangu, yakoje?"

"Yamerudi nyuma, baba."

"Basi kesi hii tutaisikiliza kesho asubuhi. Ngiri, wewe una watoto wachanga, nenda ukanywe."